Swali la Alama Moja

Utendi wa Mwana Kupona ulihukumiwa darasani kwetu kabla haujasomwa. Mhadhiri wa ushairi alitugawia tungo za kuwasilisha, na utendi huo uliponiangukia mimi, wavulana wa safu za nyuma walipiga makofi. Wasichana wenzangu walinitazama kwa huruma. Kila mmoja alikuwa amesikia kwamba ni utendi wa mama anayemfunza bintiye kumtii mume, na hilo likawatosha. Wale waliupenda kwa sababu hiyo, hawa wakauchukia kwa sababu iyo hiyo, na baina ya pande mbili sikumwona aliyekuwa amefungua kitabu.

Hukumu ile ina mizizi mirefu. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha utendi huu mwaka 1934, waliupa jina la Kiingereza linalotangaza tangu jaladani kwamba ni nasaha za Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Msomaji akishaambiwa hivyo mlangoni, humo ndani atatafuta mke na wajibu wake tu. Mimi nilitumia kitabu cha J. W. T. Allen, *Tendi*, cha mwaka 1971, nakala ya maktaba iliyochakaa pembe, na nikaanza kwa kujiuliza swali ambalo shuleni halikuwahi kutuchukulia hata dakika mbili.

Kwa sisi tuliopitia shule za upili za Kenya, shairi ni kitu cha karatasi ya tatu. Unalikuta kwenye mtihani, beti chache, na chini yake maswali: eleza umbo la shairi, taja bahari zake, onyesha mshairi alivyotumia uhuru wake, uandike ubeti fulani kwa lugha tutumbi. Tulifunzwa kuhesabu mizani kwa vidole, kupigia vina mstari, kutambua inksari na tabdila. Ni mambo ya maana na ninayafundisha hadi leo. Lakini katikati ya maswali hayo hujificha moja dogo: nafsineni, yaani anayesema, ni nani, na nafsinenewa, yaani anayeambiwa, ni nani? Alama moja, mbili mtahini akiwa mkarimu. Unaandika “mama”, unaandika “binti”, unasonga mbele. Jambo ninalotaka kulieleza hapa nililipata kwa kukataa kusonga mbele.

Nafsineni ni mama, vyema. Mama gani?

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, na hilo analisema mwenyewe mwishoni mwa utendi, anapotaja jina lake na mahali alikozaliwa. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji ulio katika kisiwa hicho hicho cha Pate. Siyu ya karne ya 19 ilikuwa na wanazuoni, mafundi, na wanakili wa misahafu ambayo hadi leo huchunguzwa kwa uzuri wa mapambo yake. Ulikuwa pia mji uliokataa kuinama mbele ya Sayyid Said wa Zanzibar, na Bwana Mataka ndiye aliyeongoza upinzani huo. Alifariki mwaka 1856. Utendi nao unajitajia mwaka wake, 1275 wa Hijria, yaani 1858. Kwa hiyo anayesema ni mjane ambaye msiba wake bado mbichi. Tena ni mgonjwa: beti za mwanzo zinatuambia maradhi yamemshika hata umetimia mwaka, na muda wote huo hajapata kumwambia bintiye yaliyo moyoni.

Ukishayajua hayo, neno “mama” kwenye karatasi ya majibu linaanza kuwa na uzito. Mjane wa kiongozi aliyepigana na Zanzibar, mwanamke asiyejua kama atainuka tena kitandani, ana binti aitwaye Mwana Hashima ambaye babake hayupo na mamake yu njiani kuondoka. Atamwachia nini? Wala hakumwita ili kumwambia tu. Anamwita aje na wino na karatasi, akae karibu, aandike.

Nililirudia jambo hilo mara nyingi nikiwa maktabani. Mwaka 1858, mama anatunga kwa arudhi isiyotetereka, na binti ndiye katibu wake. Watu husema kwa wepisi kwamba wanawake wa zamani wa pwani walifungiwa ndani wasijue kitu. Hawa wawili walikuwa ndani, ni kweli, na humo ndani mlikuwa na wino.

Lahaja ilinipa kazi. Nimekulia Kitale, na Kiswahili changu kilikuwa cha shule na cha soko. Kiamu cha tendi, yaani lahaja ya Lamu, pamoja na Kiarabu kilichomo, kilinilazimu kusoma ubeti kwa kamusi. Likizoni nilikwenda Mombasa kwa shangazi yangu, na jirani yake alikuwa bibi mmoja wa Lamu. Nilimwamkia, nikamweleza haja yangu, nikampa kitabu. Hakukipokea. Aliniambia nisome mimi. Nikasoma kwa sauti yangu ya mashindano ya shule, ile ya kifua mbele na mkono hewani. Alininyamazisha kabla sijamaliza ubeti wa tatu.

“Mwanangu, huyo mama ni mgonjwa. Mbona wamsomea kama anadi samaki?”

Kisha akausoma yeye, bila kitabu, kwa mahadhi, kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliyekaa kando ya kitanda. Hakuwa na utendi wote kichwani, alikuwa na beti za mwanzo na vipande vya hapa na pale alivyovisikia kwa mamake. Zikanitosha. Mishororo mitatu aliipitisha haraka, akafika wa nne akaivuta silabi ya mwisho kidogo, ndipo akashika ubeti mwingine.

Muundo wa utendi nilikuwa naujua. Kila ubeti una mishororo minne ya mizani nane nane. Mitatu ya kwanza huchangia kina kinachobadilika ubeti hadi ubeti, na wa nne una kina chake kinachobaki kile kile toka mwanzo hadi beti zote 102 zinapokwisha. Wajuzi wa arudhi hukiita kina cha bahari. Shuleni ningeyaandika hayo nikapata alama zangu. Kibarazani kwa bibi yule nilisikia kazi inayofanywa na muundo huo. Mama huyu anahama kutoka sala hadi hina, kutoka Siku ya Kiyama hadi usafi wa nyumba, na kila mara sauti yake inarudi pale pale. Mgonjwa anayeweza kuzidiwa wakati wowote anahitaji mahali pa kurudi. Msikilizaji anayeandika anahitaji vilevile: silabi ile inayovutwa inampa muda wa kuchovya kalamu.

Nilirudi chuoni nikiwa na shairi jingine mkononi, ingawa kitabu kilikuwa kile kile. Nikalisoma tena, safari hii na penseli.

Mapema katika utendi mama anamwambia bintiye atampa hirizi aifunge vizuri kwa uzi aitunze. Halafu atamtungia kidani cha lulu na marijani amvishe shingoni. Nilizitazama zawadi hizo mbili kwa muda mrefu, kwa sababu hakuna sonara anayetokea baadaye, wala sanduku linalofunguliwa. Hirizi na kidani ni wasia wenyewe. Beti ni shanga, na uzi unaozishika ni kile kina cha bahari kisichokatika. Mjane anampa mwanawe mali ambayo mume hawezi kuiuza, shemeji hawezi kuirithi, na mtawala mpya wa mji hawezi kuitaifisha. Tangu hapo niliacha kuuita utendi huu orodha ya amri. Amri hazivaliwi shingoni.

Kisha mama anafika kwa mume, na hapa ndipo darasa letu lilipokuwa limepiga kambi tangu siku ya kwanza. Sikutaka kupakwepa. Radhi za mume anaziweka pamoja na radhi za Mungu, za Mtume, za baba na za mama. Anasema siku ya kufufuliwa mume ndiye atakayeulizwa juu ya mkewe. Anafunza kumpepea, kumkanda, kumpamba, kutomwamsha akilala, kumuaga akitoka, kutokujibizana naye. Binti aombe ruhusa ya kutoka, na akitoka asikawie. Niliandika pembeni mwa kila ubeti ni nani anayetenda. Ni zoezi rahisi na ninalipendekeza kwa kila anayejiandaa kuwasilisha shairi: usiandike unavyojisikia, andika nani anafanya nini. Ukurasa wangu ulijaa vitenzi vya binti. Mume alikuwa na vichache mno. Alikula, alilala, alitoka, alirudi.

Na katikati ya hayo mama anasema mume atunzwe kama mtoto asiyejua kusema.

Wahakiki wamelitazama jambo hili kwa namna mbalimbali. Mwaka 1991 Ann Biersteker aliupitia upya utendi huu akionyesha kwamba kuna mengi ndani yake kuliko utii unaoonekana juu, na wapo wanaosikia kejeli ya chini kwa chini katika sauti ya mama. Namheshimu anayeisikia. Mimi siisikii. Mwana Kupona anaamini kila neno la dini analolitamka. Kumgeuza mcheshi wa siri ili atupendeze sisi wa leo ni kumnyang'anya imani yake kitandani mwake. Ila imani haimpofushi. Mwanamke anayesema mume ni wa kutunzwa kama mtoto asiyejua kusema amemtazama mume kwa makini na kwa muda mrefu, na anamkabidhi mwanawe alichokiona. Anayejua mahitaji ya mwenzake kabla hajayatamka ana aina fulani ya uwezo juu yake. Huo si uhuru, lakini kusema binti hana chochote mkononi ni kutousoma ukurasa.

Tena mama hakuishia kwenye nadharia. Anajitoa yeye mwenyewe kuwa shahidi: aliishi na babake Mwana Hashima bila kuvunjiana heshima, na mauti yalipomfika mume, aliondoka akiwa radhi naye, akimwombea heri. Binti anayeandika alimjua mume huyo, kwa kuwa ni babake. Ukiusoma ubeti huo kwa kumkumbuka aliyeshika kalamu, unakoma kuwa mfano wa ndoa njema, unakuwa mjane na yatima wakimkumbuka marehemu wao.

Upo pia ubeti ambao mwasilishaji anayetaka kupendwa na darasa lake angeuruka. Mama anamwonya bintiye asitangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Ni rahisi kuupitisha ubeti huo kwa kusema unahusu kuchagua marafiki wema. Hauhusu hivyo. Unahusu watumwa, watu waliomilikiwa, waliolima mashamba ya bara iliyokabili Lamu na kufanya kazi katika nyumba za waungwana visiwani. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, karibu miaka 50 baada ya wino wa Mwana Hashima kukauka. Niliamua kwamba ubeti huo nitausoma kwa sauti ile ile nitakayosomea beti nyingine, nisiupake sukari wala nisiupazie sauti ya hasira.

Siku ya kuwasilisha sikuanza na wasifu wa mtunzi wala na muundo. Niliwaomba wenzangu wafunge vitabu na kuchukua kalamu na karatasi. Nikavuta kiti, nikaketi, nikaanza kuwasomea beti za mwanzo kwa sauti ya chini, kwa kadiri nilivyoyakumbuka mahadhi ya bibi wa Mombasa, nikiwataka waandike kila neno. Wa nyuma walilalamika hawasikii. Niliwaambia wasogee. Wakasogea, viti vikakwaruza sakafu, na kwa muda kidogo darasa zima lilikuwa limenizunguka likiandika. Waliniomba nirudie mshororo, wakaulizana tahajia ya neno hili na lile. Hakuna aliyebisha, kwa kuwa anayeandika imla hana nafasi ya kubisha.

Nilipomaliza niliwauliza: “Nyinyi ni nani?”

Wakatazamana. Msichana mmoja akasema, “Sisi ni Mwana Hashima.”

Kuanzia hapo sikulazimika kusema mengi. Mmoja wa waliopiga makofi ndiye aliyetoa hoja ambayo haikuwamo katika maandishi yangu. Alisema kama binti ndiye katibu, basi kila neno la utii limepitia mkononi mwake kwanza, na katibu anaweza kuacha neno. Hatujui kama aliacha. Lakini utendi uliotufikia ni ule ambao binti alikubali kuuandika. Nilimtazama kijana yule nikaona amebadilika uso. Alikuwa anafikiri kwa sauti, na wenzake walikuwa wanamsikiliza kwa sababu hiyo.

Ndipo nikawasomea ubeti wa watumwa. Palikuwa kimya, kisha mwenzetu aliyekuwa ameketi dirishani, ambaye kwa kawaida hakuzungumza darasani, akauliza: “Siku hiyo, mama akitunga na binti akiandika, nani alikuwa jikoni?”

Swali hilo lilifungua mlango wa nyumba nzima. Nafsinenewa ni Mwana Hashima, ndiyo, lakini nyumba ya mjane wa mtawala wa Siyu haikuwa na watu wawili tu. Palikuwa na waliopita na maji, waliochochea moto, walioshika pepeo upande wa pili wa kitanda. Waliusikia ubeti uliowataja, nao hawakuwa wameambiwa wao. Mwenzetu mwingine, mzaliwa wa pwani, alisema kwao jambo la asili ya mtumwa na muungwana bado halitamkwi mbele ya watu, na ndoa huvunjika kabla ya kufungwa kwa sababu yake. Alisema hilo akakaa. Mhadhiri, ambaye kwa taratibu alipaswa kunikatiza kwa kuwa muda wangu ulikuwa umekwisha, alitupa kipindi kilichofuata pia.

Niliondoka darasani siku ile nikiwa na uhakika wa kitu kimoja kuhusu kazi ya kuwasilisha shairi. Anayesimama mbele ya watu na shairi analiazima kinywa chake. Kabla ya kusema kama analikubali au analikataa, ana wajibu wa kulitamka vile lilivyotamkwa, kwa aliyekusudiwa, mahali lilipotamkwa. Hukumu ina haki yake na itakuja. Ikitangulia, shairi halipati kusema. Kati ya darasa letu lote, waliobadili msimamo juu ya ndoa walikuwa wachache, pengine hawakuwapo kabisa. Ila makofi na huruma za siku ya kwanza sikuzisikia tena. Tulibishana juu ya beti, mtu akitaja ubeti mwenzake anaufungua.

Sasa nafundisha shule ya upili, na kidato cha tatu wanajua kwamba kipindi cha kwanza cha shairi lolote neno “ujumbe” halitamkwi. Tunasoma kwanza, kwa sauti tatu tofauti, na kila msomaji anaeleza alikuwa anazungumza na nani wakati anasoma. Mwanafunzi akisema “nilikuwa nawasomea darasa”, anarudia. Mwanafunzi wa kuwasilisha namruhusu beti chache tu, hata shairi likiwa refu, maana niliwahi kuwaona wengi wakikimbia utendi mzima kwa dakika kumi na wakashuka jukwaani bila mtu kukumbuka mshororo. Wapo walimu wenzangu wanaoniambia mtihani hausubiri mapenzi haya. Nawajibu kwamba mwanafunzi aliyelikalia shairi kwa juma zima hajibu vibaya maswali ya umbo. Anayajibu haraka, kwa kuwa anajua umbo lile lilikuwa linafanya nini.

Karibu na mwisho wa utendi Mwana Kupona anaacha kuzungumza na binti mmoja. Anawaita wanawake wote wausome wafahamu maana yake, wasije wakalaumiwa mbele ya Mola. Hapo wino wa chumbani unatoka nje ya nyumba, na kweli ulitoka: ulinakiliwa na kukaririwa hadi ukamfikia bibi wa Lamu aliyeupata kwa mamake. Mama anayemwonya mwanawe asizungumze sana njiani anazungumza na wanawake wa mji mzima na wa miji asiyoijua, kwa jina lake, kwa tarehe, kwa hesabu ya beti. Wanafunzi wangu wa kike hulishika jambo hilo kuliko jingine lolote, nami huwaacha walishike.

Muhula uliopita mmoja wao aliandika kwamba nafsinenewa ni watatu: Mwana Hashima, wanawake wote, na Mungu, kwa kuwa mama anamgeukia Mola kuwaombea wanawe na ndugu zake. Mvulana wa dawati la mbele akamkatalia. Mungu haambiwi, alisema, Mungu anaombwa, na maombi yakiandikwa na binti basi binti ndiye anayefunzwa kuomba. Msichana akamuuliza kama yeye huomba ili mamake asikie. Kengele ikalia wakiwa wamesimama. Niliwataka waje kesho yake na namba za beti zinazothibitisha, wakaja nazo, kila mmoja na zake, na hawakukubaliana.